Lami Iliyokwanguliwa Barabarani: Namna ya Kuitumia Kwenye Njia ya Kuingia Nyumbani na Shambani



Leo tunaweka pembeni kidogo mambo ya mbegu na viuatilifu. Tuzungumzie mita 100 au 200 za mwisho, kile kipande kinachotoka barabarani hadi nyumbani kwako, pale unapopangia mazao na gari la mnunuzi linapopakia. Umelima vizuri, umepiga dawa kwa wakati, mnunuzi kaja na Canter yake asubuhi. Lakini usiku mvua imenyesha. Dereva anasimama barabarani, anaangalia ile njia yako, anasema, "Huko siingii." Hapo faida ya miezi mitatu inaanza kumegwa.

Barabara nyingi sasa hivi zinafanyiwa ukarabati, na kila nikipita vijana wananiuliza swali moja: "Bwana shamba, ile lami ya zamani inayokwanguliwa, naweza kuimwaga kwenye njia yangu?"

Jibu fupi ni ndiyo, unaweza, na ikiwekwa vizuri inakutoa kwenye matope. Ila elewa jambo moja kabla hujalipia tripu ya kwanza: lami hii haitibu njia mbovu. Inafunika njia ambayo tayari imeinuliwa, imeshindiliwa na ina mitaro. Ukiruka kazi ya chini, utakuwa umenunua matope meusi.

Ni kitu gani hasa?

Lami ya barabarani ni mchanganyiko wa kokoto, mchanga na ule utomvu mweusi unaotokana na mafuta ghafi. Kwenye lami nzito ya barabara kuu, kila kilo 100 za mchanganyiko zina kama kilo 4 hadi 6 tu za utomvu huo. Zinazobaki zote ni mawe na mchanga.

Barabara ikichakaa, mkandarasi anapitisha mashine yenye ngoma ya meno ya chuma inayokwangua tabaka la juu. Kinachotoka ni chembechembe nyeusi, nyingi ndogo kuliko kokoto ya zege. Mahali pengine hawana mashine hiyo, wanang'oa kwa ekskaveta, na hapo unapata mabonge na vigae vikubwa.

Wenzetu Marekani wanaitumia kwa wingi. Kuchakata lami ya zamani kulishika kasi huko miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda ghafla baada ya mgogoro wa mwaka 1973. Sehemu kubwa inarudishwa kwenye barabara mpya, na nyingine watu wananunua kwa ajili ya njia za magari za nyumbani na mashambani.

Kwa nini inashika?

Ule utomvu wa zamani haujafa. Umekauka na kuwa mgumu, lakini ukipata joto unalainika kidogo. Utomvu mpya unaotumika barabarani huanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hivi, na ule wa zamani unahitaji zaidi. Uso mweusi uliopigwa na jua la saa saba mchana unapita nyuzi 50 bila shida. Ukishindilia wakati huo, chembe zinakaribiana na kuanza kugandana. Magari yakipita juu yake na jua likiendelea kupiga, njia inazidi kukaza.

Ndiyo maana inatofautiana na moramu ya kawaida. Moramu ikilowa inalegea na vumbi lake linaondoka na maji. Lami iliyokwanguliwa, ikishikana, inapitisha maji kidogo na vumbi linapungua sana. Kama nyumba iko karibu na njia, na mboga ziko pembeni, kupungua kwa vumbi ni faida peke yake.

Ila usitegemee barabara laini kama ya mjini. Utapata kitu kilicho katikati ya moramu na lami.

Piga hesabu kwanza

Kilimo biashara ni hesabu. Tuseme unavuna nyanya matenga 120 kila mchumo, na unachuma mara 12 kwa msimu. Njia ikiwa mbovu, unalipa vijana wa kubeba hadi barabarani shilingi 500 kwa tenga. Hiyo ni shilingi 60,000 kila mchumo, sawa na shilingi 720,000 kwa msimu. Mnunuzi naye akikukata shilingi 1,000 kwa kila tenga kwa sababu ya usumbufu, ni shilingi 1,440,000 nyingine. Jumla shilingi 2,160,000, na bado hujahesabu nyanya zilizopondeka njiani.

Hizo namba ni za mfano. Weka za kwako. Kisha ulizia gharama ya tripu, greda, rola na vibarua. Ukiona njia inajilipa ndani ya msimu mmoja au miwili, endelea. Kama unavuna mara moja kwa mwaka na gari linaingia wakati wa kiangazi bila shida, hiyo pesa ipeleke kwenye umwagiliaji.

Ipate kwa njia halali

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Lami iliyokwanguliwa ina mwenyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA. Mkataba wa ujenzi ndio unaosema kifusi kile ni cha nani na kinapelekwa wapi. Usimalizane na dereva wa tipa kichochoroni.

Nenda kambini kwa mkandarasi, muone msimamizi, uliza kama kuna utaratibu wa kutoa au kuuza, na nani anaidhinisha. Omba karatasi inayoonyesha aina ya kifusi, idadi ya tripu na jina lako. Na kamwe usichimbe lami kwenye bega la barabara eti imekwisha kuchakaa. Huko ni kuharibu barabara, na ni kesi.

Jambo la pili ni pale njia yako inapoungana na barabara. Eneo lile ni hifadhi ya barabara. Omba kibali, wakuelekeze ukubwa wa kalavati. Usifukie mtaro wa barabara ili gari lako lipite. Maji uliyoyazuia yatatafuta pa kwenda, na mara nyingi ni shambani kwa jirani au kwenye njia yako hiyo hiyo.

Ijaribu kabla hujalipa

Kifusi cheusi chote si sawa. Barabara zetu nyingi hazina lami nzito. Zimemwagiwa utomvu na kokoto tabaka moja au mawili tu, halafu chini yake ni moramu. Zikichimbuliwa, unapata moramu nyingi yenye vipande vichache vya lami. Hiyo bado ni kifusi kizuri, lakini haitagandana, kwa hiyo usiilipie bei ya lami.

Fanya hivi:

1. Chukua kifusi kutoka sehemu tatu tofauti za lundo, na chimba kidogo, usichote cha juu tu.
2. Angalia ukubwa. Kiwe zaidi ya nusu chembe ndogo, na kisiwe na bonge kubwa kuliko sentimita 4 hivi. Mabonge makubwa lazima yapondwe, vinginevyo yanaacha matundu chini na njia inabonyea.
3. Angalia uchafu: udongo mfinyanzi, mizizi, plastiki, vyuma.
4. Jaza kopo la bati, lifunike kwa nailoni nyeusi, liache juani kuanzia saa nne hadi saa nane. Kisha kandamiza kwa nguvu kwa kipande cha mti, acha lipoe, pindua kopo kama mtoto anayecheza keki za mchanga. Likitoka bonge linaloshikana, utomvu bado una uhai. Likimwagika lote kama kokoto kavu, ujue utakachopata ni kokoto.

Jaribio hili lifanye siku ya jua kali. Siku ya mawingu litakudanganya.

Unahitaji kiasi gani?

Chukua njia ya mita 100 kwa upana wa mita 3, unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa:

100 × 3 × 0.10 = mita za ujazo 30.

Kifusi kikiwa kimelegea kwenye tipa kinachukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 1.3. Unapata mita za ujazo 39. Tipa ikibeba mita za ujazo 10, ni tripu 4. Kwa uzito ni kama tani 60, kwa sababu mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa vizuri inakaribia tani 2.

Usikubali neno "tripu" peke yake. Pima bodi ya gari mwenyewe kwa futi kamba: urefu, upana, kina. Tripu ya Fuso na tripu ya tipa la tairi kumi ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo vijana wengi wanapigwa.

Hatua za kazi

Chagua majira. Huku Nyanda za Juu Kusini, Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba ni muda mzuri: jua kali, mvua bado. Kwenye maeneo ya vuli na masika, Januari na Februari zinafaa. Msimu wa baridi wa Juni na Julai usiutumie kwa lami hii.

*Hatua ya 1: Ondoa udongo wa juu.* Kwangua nyasi, mizizi na udongo mweusi wenye mboji, kama sentimita 15. Usiutupe, upeleke bustanini.

*Hatua ya 2: Inua na shindilia.* Njia iwe juu kuliko shamba lililo pembeni. Katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 5 hivi kwa njia ya mita 3, ili maji yamwagike pande zote mbili. Chimba mitaro na uipe pa kutolea maji. Pata picha kichwani: tone la mvua likianguka katikati ya njia, linapita wapi hadi litoke? Kama huna jibu, usimwage lami.

*Hatua ya 3: Weka msingi wa moramu.* Kwenye udongo imara, sentimita 15 za moramu iliyoshindiliwa zinatosha kwa Canter. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hapo hakuna njia ya mkato. Ongeza kina, na muite fundi wa barabara akushauri. Nimeona njia nyingi za mbugani zikipasuka vipande kiangazi cha kwanza tu.

*Hatua ya 4: Mwaga lami kwa tabaka mbili.* Kila tabaka liwe sentimita 6 hadi 7 likiwa limelegea, litashuka hadi sentimita 5. Rola ndogo haiwezi kushindilia tabaka nene, inakaza juu tu na chini panabaki pamelegea. Sawazisha kwa reki, ukifuata ule mgongo wa katikati.

*Hatua ya 5: Shindilia kwenye jua.* Anza saa tano hadi saa tisa alasiri. Nyunyiza maji kidogo ili chembe ziteleze na kukaa, lakini njia isitote. Anzia kingoni, malizia katikati. Rola ya kutetema ndiyo nzuri. Kama hakuna, trekta au gari lililobeba mzigo lipite mara nyingi, likibadilisha mstari kila safari ili magurudumu yafike kila mahali. Kushindilia kwa miguu na magogo hakutoshi.

*Hatua ya 6: Ipe muda.* Wiki mbili za mwanzo magari yapite polepole, yasigeuze usukani yakiwa yamesimama. Kwenye maeneo ya baridi kama Njombe au Lushoto usitegemee jua likukamilishie kazi. Huko ubora wote uko kwenye kushindilia.

Tahadhari kwa mkulima

Mambo haya fundi wa barabara hatakuambia, kwa sababu yeye halimi.

*Usianike mazao juu yake.* Najua mazoea yetu. Uso mweusi, wa moto, tambarare: mtu anaona mahali pa kuanikia mahindi, mpunga au kahawa. Hapana. Lami ina kemikali za mafuta, na hii imetoka barabarani ikiwa imekunywa miaka ya oili za magari na vumbi la tairi. Hicho ni chakula cha watu. Anika kwenye turubai juu ya kichanja au sakafu ya saruji iliyo safi. Hata matenga na kreti za parachichi, ziweke juu ya chaga za mbao. Ukiwa na mnunuzi wa kuuza nje ya nchi, mkaguzi akikuta matunda yamekaa kwenye lami chakavu, una kesi ya kujibu.

*Usimwage dizeli.* Kuna watu wanashauri kunyunyiza dizeli ili lami ishikane. Dizeli inayeyusha utomvu, njia inakuwa laini, na mvua inaipeleka kwenye udongo na kisima chako. Kwa sababu hiyo hiyo, mahali pa kujazia mafuta pampu, jenereta au trekta paweke zege. Oili ikidondoka kila siku sehemu moja ya lami, patafumuka.

*Kaa mbali na maji.* Mimi nashauri angalau mita 30 kutoka kisimani. Maji yanayotoka kwenye njia yaelekeze kwenye nyasi, yasiende kwenye bwawa la samaki wala kitalu cha miche.

*Linda vijana wako.* Wakati wa kumwaga na kuponda mabonge vumbi ni kali, wavae barakoa. Na msichemshe lami hii kwenye pipa juu ya moto eti ishikane zaidi. Moshi wake ni sumu, na ikishika moto inaunguza vibaya.

Mahali ambapo haifai

Kwenye mteremko mkali usiitumie. Kabla haijashikana, maji yatakokota chembe zote hadi chini, na tairi zitateleza juu yake. Hapo bora mikanda miwili ya zege, mmoja kwa kila upande wa magurudumu, katikati acha nyasi. Barabara za vijijini za majaribio Bagamoyo na Siha zilijengwa vipande vya mikanda ya aina hiyo, na unatumia zege tu pale penye shida, si njia nzima.

Haifai pia pale lami inapotoka mbali sana. Ni mzigo mzito, usafiri unaweza kula pesa kuliko kifusi chenyewe. Kama kuna machimbo ya moramu nzuri karibu, weka moramu, ishindilie, chimba mitaro. Utalala salama.

Matunzo

Safisha mitaro kabla ya kila msimu wa mvua. Kingo zikianza kumegeka, zizuie kwa udongo ulioshindiliwa na nyasi. Bakiza toroli kadhaa za kifusi kwa ajili ya viraka, ukikitandaza chini, maana kikikaa lundo refu juani kinagandana na utakipiga kwa sururu. Shimo likitokea, lichonge kingo ziwe wima, toa tope lote, jaza, shindilia mchana wa jua. Ukijaza kifusi juu ya maji yaliyotuama, wiki ijayo utarudi pale pale.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

*Naweza kumwaga juu ya udongo moja kwa moja?* Kwa pikipiki na kirikuu kitupu itavumilia kidogo. Canter yenye tani nne itaizamisha mvua ya kwanza.

*Sentimita 5 hazitoshi?* Juu ya msingi mzuri sana, kwa gari dogo la nyumbani, zinaweza kutosha. Kwa gari la mizigo weka 10.

*Trekta yangu ina majembe ya kukokota, ipite?* Ipite, majembe yakiwa juu. Na isigeuzie hapo. Tengeneza sehemu ya kugeuzia pembeni.

*Sina pesa ya njia nzima, nianzie wapi?* Anza na maji. Msimu huu chimba mitaro, weka kalavati, inua sehemu mbili tatu zinazonasa magari. Msimu ujao weka moramu. Lami ije mwisho. Mkulima aliyefanya mitaro bila lami anapitika, na aliyeweka lami bila mitaro atarudi kuomba msaada wa kusukuma gari.

Kwa leo niishie hapo. Mvua ijayo ikinyesha, vaa mabuti, chukua mwavuli, tembea kwenye njia yako kuanzia barabarani hadi mlangoni, na chomeka kijiti kila mahali maji yalipotuama. Vijiti hivyo ndiyo orodha yako ya kazi.

Kilimo chema.